Sponji Inayoelea: Ijaribu Kwanza Katika Karai

Akina mama wengi nchini Kenya hupata karo na unga kwa kufunga inzi bandia. Inzi hao hufungwa kwa uzi juu ya ndoana, kisha huuzwa kwa dazeni hadi Ulaya na Marekani, kwa wavuvi wa samaki aina ya trauti.

Jirani yangu mmoja alikesha wiki nzima akifunga panzi wa kuelea. Mnunuzi aliwabonyeza watatu ndani ya gilasi ya maji, wote wakazama. Dazeni zote zikarudishwa. Mikono ya mama yule haikukosea. Kosa lilikuwa sponji ya godoro kuukuu aliyoitumia.

Ipi huelea?

Kila sponji ina vipovu vya hewa. Katika sponji ya godoro na ya kuoshea vyombo, vipovu vimetoboleana, hivyo maji hupenya. Katika sponji ya malapa, na ile nyeupe inayonyumbuka ambayo hufungiwa redio na televisheni, kila kipovu kimefungwa peke yake. Hata ukiikata, maji hayapiti. Ile nyeupe kavu inayomeguka punje punje huelea pia, lakini hukatika chini ya uzi, na gundi nyingine huiyeyusha.

Kama una shaka, kata kipande kidogo. Kibonyeze mara kumi ndani ya maji, kisha kigandamize kwa jiwe katika karai usiku kucha. Asubuhi kipanguse, ukikamue kwa kitambaa kikavu. Kikitoa maji, usikitumie.

Unene na uzi

Kwa sisimizi na panzi wa kawaida, unene wa milimita 2 unatosha. Kwa panzi wakubwa tumia milimita 3. Sponji nene mno huziba nafasi ya ndoana, samaki akauma na kuponyoka. Uzi mwembamba nao hukata sponji kama wembe. Mizunguko ya kwanza iwe legevu, ndipo ukaze.

Gundi na watoto

Hapa nasema kama muuguzi. Ukitumia gundi ikaukayo upesi, fungua madirisha. Vidole vikishikana, usivivute. Viloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Gundi ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi ya uvuguvugu, usifungue kope kwa nguvu, nenda hospitali mara moja. Kipande cha sponji chaweza kumkaba mtoto mdogo, na ndoana moja sakafuni yatosha kuleta kilio. Fagia kabla hujamwacha mtoto atambae.

Jirani yangu sasa hafungi hata inzi mmoja kabla ya kulaza kipande cha sponji katika karai. Usiku mmoja wa kungoja, mama mwenzangu, ni nafuu kuliko wiki ya kazi iliyozama.