Boti ya Familia: Futi 16 au Futi 20?

Umeweka akiba, sasa unataka boti ya alumini ya kuzungusha familia Ziwa Victoria. Ya futi 16 ni nyepesi: injini ndogo yatosha na mafuta ni kidogo. Lakini upepo ukichafuka, inarushwa na mawimbi. Ya futi 20 hutulia zaidi, ila injini na mafuta yake hula pesa kila wikendi.

Hesabu vichwa, watoto na shosho wakiwemo. Kila mmoja ana jaketi lake la kujiokolea? Hiyo pia ni bajeti.

Usitume pesa kabla ya kuiona boti majini. Hakikisha jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN. Muamala mmoja mwisho ni Sh250,000, kwa hivyo jipange mapema.