Kibao shingoni hakifundishi Kimombo

Kikao cha wazazi hakiishi kabla swali hili halijaulizwa: "Mwalimu, kwa nini msipige marufuku Kiswahili, watoto waache kuogopa Kiingereza?" Mwalimu wa lugha aliyelijibu mwaka baada ya mwaka ameshaishiwa tabasamu.

Dawa hiyo ni kongwe. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o aliisimulia mwaka 1986 katika Decolonising the Mind: shuleni kwao, enzi za ukoloni, aliyenaswa akisema Kikuyu alichapwa, au alivikwa kibao cha kumwita mjinga au punda. Ili wanaswe, kifungo kimoja kilipita mkono kwa mkono, kila aliyenacho akimwinda mwenzake wa kumbambikia. Walichojifunza watoto ni kuchongeana. Hata hivyo baadhi ya shule zetu zimekirithi kibao hicho, nyingine zikiongeza faini au kudeki vyoo.

Mtazame wa kidato cha kwanza Tanzania aliyetoka shule ya msingi ya kawaida. Miaka saba amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Ghafla baiolojia na jiografia zote ni ung'eng'e. Akikatazwa Kiswahili hazungumzi Kiingereza, ananyamaza! Akisimama kujibu, akili yake ina kazi mbili: kutafuta neno, na kuangalia nani anacheka. Ya pili huila ya kwanza, na neno alilolijua vizuri jana usiku halionekani. Adhabu inamwongezea kazi ya tatu. Halafu mtu mzima anashangaa mbona mtoto anagugumiza.

Wala woga huu si aibu ya kuzaliwa nayo. Mtafiti Elaine Horwitz na wenzake, waliotunga kipimo cha sentensi 33 kuhusu woga huu mwaka 1986, walisisitiza kuwa ni woga wa aina yake, wa darasa la lugha ya kigeni. Bingwa wa soga wakati wa mapumziko anaweza kuganda kipindi cha Kiingereza.

Vinavyosaidia havina mbwembwe. Miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe aliona, katika madarasa ya sayansi Marekani, kwamba walimu husubiri jibu kama sekunde moja tu; waliposubiri tatu, majibu yalirefuka na waliojitolea kujibu waliongezeka. Basi mwalimu asubiri. Wanafunzi wajaribu jibu wawili wawili, hata kwa Kiswahili kwanza, ndipo wasimame. Mada ya mdahalo itolewe jana yake. Kosa lisahihishwe sentensi ikiisha, na anayecheka apewe zamu inayofuata. Nyumbani, mzazi asikilize dakika tano bila kukatiza, hata kama Kimombo chenyewe hakijui.