Luano–N'djili: ndeke inaruka saa ngapi kweli?

Tuseme tikiti yako inaonyesha hivi: kutoka Lubumbashi 8h00, kufika Kinshasa 9h15. Ya kurudi: kutoka Kinshasa 8h00, kufika Lubumbashi 11h15. Mutu anaweza kusema kwenda ndeke iko mbio, kurudi inachoka. Apana. Njia ni ileile, mwendo ni uleule. Saa njo haziko sawa.

Tuhesabu wenyewe. Uwanja wa Luano uko karibu digri 11,6 kusini na 27,5 mashariki. N'djili iko digri 4,4 kusini na 15,4 mashariki. Tofauti ni digri 7,2 upande mmoja na 12,1 upande mwingine. Huku kwetu karibu na ekweta, digri moja ni kama kilometa 110. Tunapata kilometa 800 na 1.330 hivi. Tumia ile kanuni ya Pythagoras ya sekondari: karibu kilometa 1.550.

Ndeke kubwa ya reaktere inakimbia kama kilometa 800 kwa saa. Hiyo ni karibu saa mbili. Ongeza dakika za kupanda, kushuka na kutembea chini: saa mbili na robo.

Sasa, Likasi na Lubumbashi ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukienda, unarudisha saa yako nyuma; 10h15 ya kwetu ni 9h15 ya kule. Ukirudi, unaongeza saa moja. Njo maana tikiti inadanganya macho.

Njia zingine ziko, lakini ni za subira. Barabara inapita kilometa 2.000. Reli yenye inapita hapa Likasi inafika Ilebo tangu 1928, halafu kutoka pale ni mashua mpaka Kinshasa.

Umeitwa kwa mahojiano ya kazi kule 14h00? Usihesabu kuruka tu. Kutoka Panda mpaka Lubumbashi ni kama kilometa 120, na malori ya madini yako mingi. Luano ufike saa mbili mbele ya ndeke. Kutoka N'djili mpaka Gombe, msongamano wa magari unaweza kukula saa mbili nzima. Kwa ndeke ya 8h00, ni kutoka Panda 3h00 ya usiku. Afadhali ulale Lubumbashi.

Na kama mahojiano ni kwa simu, 14h00 ya Kinshasa ni 15h00 kwetu. Dosie yenye inafungwa 23h59 ya Kinshasa, hapa Panda inafungwa 0h59. Lakini ukiwa Kinshasa na ofisi iko Lubumbashi, utapoteza saa nzima: 23h59 yao ni 22h59 yako.

Kwa hiyo, kila mara wanakupa saa, uliza: saa ya muji gani? Andika jina la muji pembeni ya saa. Kazi inaweza kupotea juu ya saa moja tu.