Weusi wa Udongo wa Tandala Si Ithibati ya Rutuba

Tangu wakuu wa Afrika walipokutana Nairobi mwezi Mei 2024 kwa ajili ya mbolea na afya ya udongo, wakaahidi kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 30 kwa uchache ya ardhi iliyochakaa itakuwa imerudishiwa uhai wake, maswali ya wasomaji kutoka Tandala na kwingineko katika nyanda za juu za wilaya ya Makete hayajakoma, na aghalabu huuliza jambo moja: iweje shamba lenye udongo mweusi tititi, litiwalo mbolea ya kupandia kila msimu, litoe mahindi yenye majani ya zambarau?

Wengi wameshikilia kwamba weusi ndio rutuba. Hasha! Weusi ni dalili ya mboji, na katika baridi ya nyanda hizi mboji hukawia kuoza, tena hushikamana na aluminiamu ya udongo uliozaliwa na majivu ya volkano, ikadumu dahari bila kuulisha mmea ipasavyo. Mvua nayo huosha kalsiamu na magnesiamu, ikaacha tindikali. Na pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imetulia huyeyuka, ikaingia katika maji yanywewayo na mizizi na kuzizuia ncha zake zisirefuke. Ng'oa mche wa mahindi katika shamba la namna hiyo uutazame: mizizi ni mifupi, minene, ya kahawia, wala haina vile vinyuzi vyembamba vya kutafutia chakula. La ajabu zaidi ni kwamba fosforasi ya DAP, mbolea hiyo ya kupandia, ambayo mkulima ameinunua kwa jasho lake, hukamatwa na aluminiamu na chuma, ikabaki shambani humo humo huku mmea ukiikosa, na majani yakageuka zambarau. Kadhalika urea, bakteria wanapoigeuza amonia yake kuwa naitreti, huzidisha tindikali ile ile. Na kwa sababu hiyo wako wasemao mbolea ya dukani ni sumu, ilhali kosa ni kuitia bila kupima.

Sina subira na wapitao minadani na chupa za kufufua udongo, wakidai kifuniko kimoja katika pampu ya lita 20 kinatosha badala ya chokaa na samadi. Tindikali ya ekari huondolewa kwa magunia ya chokaa, si kwa vifuniko, na amwuziaye mkulima maji ya rangi ni laghai.

Basi, mwone afisa ugani udongo upimwe. Tia chokaa ya kilimo majuma kadhaa kabla ya kupanda, mbali na mbolea. Kwenye viazi usizidishe, maana ukurutu wa maganda hustawi tindikali ikipungua. Na masalia usiyachome, bali yafukie, kama Wamatengo wa Mbinga wafukiavyo nyasi katika ngoro, yaani mashimo yao ya kilimo.

Walakini mkulima peke yake hawezi. Kutoka Tandala hadi watafiti wa Uyole, Mbeya, ni safari, na gunia la chokaa ni zito kwa nauli. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 ni jambo jema, lakini isipoandamana na vipimo vya udongo na chokaa inayopatikana karibu na shamba, fedha ya umma nayo itafungwa ardhini pamoja na fosforasi.