Walitetea mazingira kwa katuni kabla hujazaliwa

Hebu jaribu kukumbuka: pale steji unaposhukia matatu kila siku, kulikuwa na mti? Kama hukumbuki, kuna kibonzo unafaa kukitafuta.

Mwaka 1979, mchoraji Mmarekani Robert Crumb alitoa A Short History of America. Ni picha 12, zote za mahali pamoja. Kwanza unaona nyasi na miti, hakuna mtu. Kisha reli inapita. Kinakuja kijumba, barabara ya vumbi, nguzo, tramu, magari. Nyaya zinazidi kujazana angani huku miti ikipungua, na hakuna mhusika hata mmoja anayefungua mdomo. Mwishoni Crumb anauliza tu: sasa kitafuata nini? Huoni mhalifu popote. Kila picha inafanana tu na ile iliyotangulia, na hapo ndipo inapouma.

Crumb alitoka katika kundi la wachoraji wa "chini kwa chini". Mbona waitwe hivyo? Tangu 1954, kampuni kubwa za katuni Marekani zilifuata kanuni kali za kujichuja, na kitabu kisicho na muhuri wa kanuni hizo kilipata shida kuingia madukani. Basi vijana wakajichapishia vyao, vingi kwa wino mweusi tu, wakaviuza walikojua wenzao wanapita.

Ron Turner, wa Berkeley, California, aliona mbali. Mwaka 1970, Siku ya Dunia ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza Aprili 22, alitoa Slow Death Funnies, akilenga kuchangia kituo cha mazingira mjini humo. Jalada lilikuwa la Greg Irons. Mfululizo huo ulifikisha matoleo 11, la mwisho mwaka 1992.

Usimpe mdogo wako lakini. Wachoraji hawa hawakuwa na adabu, na jinsi Crumb alivyowachora wanawake na watu Weusi katika kazi zake nyingine inaudhi hadi leo.

Ila mbinu yake ya picha 12 ni ya bure, na haihitaji kampuni. Kunja karatasi ya A4 mara tatu, upate visanduku vinane. Cha kwanza muulize shosho, ama yule fundi wa viatu aliyekaa hapo steji miaka yote. Cha mwisho utakiona kesho ukishuka.