Mafuta ya Mbanguaji: Kinga ya Ngozi, Si Dawa ya Kila Kidonda



Mkaguzi wa vyama vya ushirika huenda kijijini kutazama vitabu. Hata hivyo, mali inayoandikwa vitabuni huzalishwa kwa mikono, na mikono nayo yafaa kutazamwa. Siku moja, katika chama kimoja cha msingi chenye kikundi cha akina mama wabanguaji wa korosho, nilikuta katika daftari la matumizi mstari uliofutwa kwa kalamu nyekundu: "mafuta ya nyonyo". Nilipouliza, mjumbe mmoja wa bodi alinijibu kwamba chama hakina fedha za kuwanunulia akina mama mafuta ya kujipaka. Nikatoka nje kuwaona wabanguaji. Wawili kati yao walikuwa wamekaa pembeni, vidole vimevimba na ngozi imebabuka. Siku ile hawakubangua hata kilo moja.

Makala haya yanaeleza kwa nini mstari ule haukustahili kufutwa.

Ndani ya ganda la korosho mna mafuta mazito, ya rangi ya hudhurungi, yenye asidi ya anakadiki na kadoli. Hayo ndiyo yanayounguza ngozi. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe. Ndiyo sababu wako watu ambao hata utomvu wa embe huwavimbisha midomo. Madhara hayatokei papo hapo kila mara. Mtu anaweza kubangua leo, na ngozi ikaanza kuwasha na kuvimba kesho au keshokutwa.

Wazee wetu wa Masasi na Newala, kama wa pwani, wamejua tangu zamani mafuta ya mimea: nyonyo itokanayo na mbegu za mbarika, ufuta tunaoulima wenyewe, na nazi iletwayo kutoka pwani. Wameyapaka kwenye ngozi iliyopasuka, wamelainisha makovu, na wamekanda nayo mahali palipovimba. Kwa mbanguaji, kazi yake ya kwanza ni kinga. Mafuta ya nyonyo ni mazito na hushika ngozini. Akiyapaka kabla ya kuanza kazi, hupata utando unaozuia mafuta ya ganda yasiguse ngozi upesi.

Lakini mafuta huyeyusha mafuta. Utando ule, baada ya muda, hujaa sumu ya ganda. Kwa hiyo mbanguaji hana budi kujifuta kwa kitambaa na kujipaka upya mara kwa mara, na mwisho wa kazi anawe kwa sabuni, kwa kuwa maji matupu hayatoi mafuta hayo. Najua kwamba juu ya uwanda wa Makonde maji yamekuwa adimu miaka mingi, na ndoo moja ina thamani yake. Hata hivyo, maji ya kunawa mikono ni sehemu ya gharama ya kubangua. Mikono isiyonawa hupeleka sumu usoni, machoni, na kwa mtoto anyonyaye.

Yafuatayo yazingatiwe:

1. Mafuta yasipakwe kwenye lengelenge lililopasuka wala kidonda kibichi. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa aende zahanati. Kidonda kichafu huweza kuleta pepopunda.

2. Kidonda kikishafunga, mafuta ya nazi au ya ufuta yaliyo safi hulainisha ngozi na kuzuia isikauke na kupasuka tena.

3. Mafuta ya ganda la korosho yasitumiwe kutibu chunjua au miguu iliyopasuka, ingawa wako wanaofanya hivyo. Huunguza ngozi nzima pamoja na ile mbovu.

4. Mbegu za mbarika zenyewe ni sumu kali zikitafunwa. Ziwekwe mbali na watoto.

Kusema haya si kudharau tiba ya jadi. Taifa letu lina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na Muhimbili utafiti wa dawa za asili ulianza mwaka 1974. Kuiheshimu dawa ni pamoja na kujua mpaka wake.

Sasa nirudi kwenye daftari. Mafuta, sabuni, majivu na glavu za wabanguaji ni vitendea kazi, sawasawa na magunia na mizani. Viingizwe katika makisio ya mwaka, vinunuliwe kwa stakabadhi, na vigawiwe kwa sahihi. Chama kinachookoa fedha kwa kufuta chupa ya mafuta kitailipa hasara hiyo kwa korosho zisizobanguliwa, na mwanachama atailipa kwa ngozi yake. Bodi ikutanapo kupitisha makisio, wabanguaji waitwe, na wajumbe waitazame mikono yao kabla ya kushika kalamu nyekundu.