Feni ya Gari Isipozunguka

Likizo iliyopita mjomba wangu, dereva wa teksi hapa Mwanza, alikuwa karibu kununua feni mpya. Gari lake likienda lilikuwa salama, lakini katika foleni ya kivuko cha Kamanga maji yalichemka.

Sababu ni hii: gari likienda, upepo hupoza rejeta, likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Feni ya umeme huwashwa na swichi inayohisi joto la maji, na umeme wake hupitia fyuzi na rilei.

Basi, kwanza zima injini, ungoje ipoe. Usifungue rejeta ikiwa moto, mvuke utakuunguza. Wala usitie vidole penye feni, yaweza kuanza ghafula. Tazama maji, kisha fyuzi. Halafu iunganishe mota ya feni na betri kwa waya wenye fyuzi. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka, kosa limo katika rilei, swichi au waya.

Ya mjomba ilizunguka. Tulipotia rilei ya honi iliyofanana na ya feni, feni ikafanya kazi. Alinunua rilei tu, na fedha ya feni ikabaki kwa karo yangu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV